MAUA YA MPAKANI
Sehemu ya Sita: Pingamizi la mzee Theuri

Msomaji, najua wiki nzima umekuwa ukijiuliza swali moja tu: yule mzee alisimama kanisani kusema nini? Keti basi, chai yako ipoe kidogo, nikwambie.

Kwa aliyechelewa: ni Jumamosi, katika kanisa moja la vilimani juu ya Othaya. Bibi harusi ni Wachuka, binti wa mjane Magdaline. Aliyepamba kanisa ni binamu yake Kagure, msichana wa Wang'uru, kule kwenye mpunga wa Mwea. Mchungaji ameuliza kama kuna mwenye pingamizi. Na kwenye benchi la tatu, mzee Theuri, jirani wa Magdaline, amesimama na kofia mkononi.

Magdaline alimshika mkono mtu aliyekaa karibu naye, mtu asiyemjua hata jina.

"Mzee Theuri," mchungaji akasema polepole, "uko na pingamizi na hii ndoa?"

"Ndoa sina shida nayo," Theuri akajibu. "Wachuka ni mtoto mzuri. Wafunge tu."

"Sasa umesimama ya nini?"

"Nimesimamia maua."

Watu wote wakageuza shingo kutazama maua. Yalikuwa ya kupendeza, hilo hata adui angekubali: meupe, yenye mistari ya waridi, yamepangwa kwenye mikebe ya rangi kuanzia mlangoni hadi madhabahuni.

"Hiyo mnaona si maua," Theuri akasema. "Hiyo ni mpaka ya shamba yangu. Nimehesabu nikiwa nimekaa hapa. Arobaini na moja. Mpaka yote iko ndani ya kanisa."

Mtu wa Mlima Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Wewe wa kwingine, jua hivi: kuna ua la mwituni liitwalo itoka, ambalo kitunguu chake huzama sana ardhini. Wakikuyu wamekuwa wakilipanda kuwa mpaka wa mashamba tangu kabla ya ramani kuja. Mbuzi akilila, hasemwi. Mtu akilikanyaga, husamehewa. Lakini kuling'oa, hapo umegusa mboni ya jicho la mwenzako.

Kagure hakujua. Kwao Mwea mashamba hutenganishwa na matuta na mifereji ya maji, na hajazaliwa mwizi wa kuhamisha mfereji. Ijumaa asubuhi aliona maua yamejipanga mstari nyuma ya nyumba ya shangazi yake, akajiambia yamepandwa kwa ajili ya harusi. Akayang'oa yote na vitunguu vyake, ili yasinyauke.

Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alifukia kila shimo na kusawazisha udongo kama jaruba linalongoja maji.

"Nani alichimba?" Theuri akauliza.

Mkono ukainuka kule nyuma ya kinanda. Bado ulikuwa na makasi.

"Ni mimi, guka," Kagure akasema, akimwita babu kwa heshima.

"Laini ilikuwa wapi haswa?"

Kagure alijaribu kukumbuka lile shamba, na kichwani mwake aliona udongo uliolainika vizuri tu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ilikuwa pale pale, guka. Katikati."

"Katikati ya nini na nini?" Theuri akauliza.

Mchungaji, mtu mwenye busara na mwenye njaa, akaamua ndoa ifungwe kwanza, mpaka ujadiliwe baadaye. Wachuka akasema "Nakubali" kwa haraka ambayo haijawahi kusikika katika kanisa hilo. Theuri akavaa kofia, akatoka. Wengi walidhani ameenda kupanga foleni ya chakula.

Alikuwa ameenda polisi.

Askari alifika wakati wa keki. Alikuwa kijana mpole, akasubiri ikatwe, akapewa kipande, akakila, ndipo akauliza Kagure ni nani.

"Ati nimefanya nini?" Kagure akauliza.

"Umeharibu alama ya mpaka. Hiyo ni kosa kwa sheria."

"Lakini ni maua."

"Mimi najua ni maua. Sheria ndiyo haijui."

Gathogo, naibu wa chifu wa hapo, aliweka sahani chini na kuja mbio na mdomo umejaa. Alimsihi Theuri wakae chini kama majirani. Theuri akatikisa kichwa.

"Gathogo, mimi sina chuki na mtu. Lakini hii ridge ikijua mpaka inaweza kuvaliwa kwa harusi, kesho utaona shamba zote zimechanganyika. Wacha korti iseme."

Basi Kagure akaandikishwa, akaachiliwa kwa bondi, akaambiwa afike kortini Othaya siku ya Alhamisi. Angeweza hata kucheka. Lakini alikumbuka Hodan.

Hodan ni mama mwenye hoteli Nanyuki. Mwezi uliopita alikula pilau kwenye harusi ya watu, akainuka mezani, akaenda jikoni kuuliza aliyeipika. Alikuwa Kagure. Hodan amepata kandarasi ya kulisha kambi moja ya watalii, na anamtaka Kagure awe mpishi mkuu. Kambi ina sharti moja: kila mpishi alete cheti cha polisi cha tabia njema, kisicho na doa.

Miaka mitatu Kagure amekuwa akipamba na kupikia harusi za watu, akila amesimama, akirudi Wang'uru na asante. Aliitaka kazi hii kuliko kitu chochote. Na mtu aliyehukumiwa kwa kuharibu mpaka, cheti chake hakitoki safi; cha Kagure kilishaombwa, kinangoja tu kesi.

Jumanne mambo yakageuka.

Msajili wa ardhi alikuwa na saveya wake kwenye ridge ya pili, yaani mgongo wa kilima unaofuata, na Gathogo akambembeleza apitie. Saveya huyo alikuwa dada mmoja aitwaye Wendy, mwenye viatu vya gambuti vya kijani na mashine ya kupimia juu ya miguu mitatu. Alifungua ramani ya zamani. Akapima kutoka barabarani. Akapima kutoka mtoni. Akakuna kichwa, akapima tena.

Kisha akatembea moja kwa moja hadi kwa Theuri, akaingia ndani ya boma la ng'ombe, akapigilia kigingi katikati. Ng'ombe akakilamba.

"Msichana," Theuri akasema, "umepotea. Hapo ni kwa Kanini."

Kanini ndilo jina la ng'ombe.

"Sijapotea, mzee. Mpaka inapita hapa."

"Hiyo mashine yako imelewa."

"Wacha tuchimbe basi," Wendy akasema. "Itoka huwa haifi. Kama ilikuwa hapa, kuna vitunguu chini."

Wakachimba nyuma ya boma, kwenye majani ya ng'ombe. Pigo la tatu la jembe likatoa kitunguu cheusi kikubwa kama ngumi. Hatua mbili mbele, kingine. Hatua mbili tena, kingine. Mstari ulikuwa umenyooka kama ulivyochorwa kwenye ramani, na ulikuwa hatua saba nzima ndani ya shamba ambalo Theuri alikuwa akiliita lake.

Kagure, aliyekuwa akitazama na ambaye hesabu haikuwahi kumshinda, alikuwa wa kwanza kuelewa.

Ikiwa mpaka wa kweli ulikuwa kwa Kanini, basi maua aliyoyang'oa hayakuwa mpaka wa mtu. Yalikuwa maua tu, ndani ya shamba la shangazi yake. Mtu hashtakiwi kwa kuchuma maua ya nyumbani kwao.

Wendy akaandika ripoti, akampa nakala. "Beba hii kesho kutwa," akamnong'oneza. "Hakimu akiisoma, hiyo kesi haimalizi dakika tano."

Kagure alirudi nyumbani akiimba. Alimkuta shangazi yake jikoni akimenya viazi, akamwekea karatasi mezani.

"Tata, nimepona. Soma hapa."

Magdaline akasoma. Akaikunja ile karatasi mara nne, akamrudishia.

"Usiitoe," akasema.

"Nisitoe nini?"

"Hiyo karatasi. Usiitoe kwa korti."

"Tata, bila hii nitafungwa. Hata nisipofungwa, nitaandikwa. Hodan hawezi kunichukua."

"Najua."

"Na ukijua, mbona?"

Magdaline aliendelea kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimeisha kumenywa. "Nilimwahidi mtu," akasema, na hakuongeza neno, hata Kagure alipolia.

Ndiyo, alilia. Usimcheke. Na wewe ungelia.

Jumatano Hodan akapiga simu. "Kagure, walahi nimekusifu mpaka watu wamechoka. Kambi inataka vyeti Ijumaa. Wewe iko tayari?"

"Iko karibu, mama."

"Karibu hailiwi, Kagure. Ijumaa saa tano. Nikikosa yako naandika jina la mwingine, na sitaki mwingine."

Siku hiyo hiyo mzee Theuri hakuonekana popote. Gathogo alipita kwake akamkuta amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa ndani ya boma, anakitazama kile kigingi.

Alhamisi ikafika. Korti ya Othaya ilijaa watu wa ridge, kwa maana kesi ya maua ilikuwa imesikika hadi soko la Nyeri. Hakimu alikuwa mama mwenye sauti ya chini na miwani ya kamba. Kiongozi wa mashtaka akasoma shtaka. Aliposema "maua arobaini na moja" kuna mtu alikohoa ili asicheke.

"Kagure, umesikia shtaka," hakimu akasema. "Ni kweli au si kweli?"

Kagure alikuwa na kikapu begani. Ndani ya kikapu kulikuwa na ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Alimtazama shangazi yake. Magdaline alikuwa ameinamisha kichwa, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Mheshimiwa, ni kweli nilichimba. Lakini sikujua ni mpaka. Kwetu hakuna hiyo maua."

"Una ushahidi wowote ungependa kutoa?"

Hapo, msomaji, nataka uelewe msichana huyu ameumbwa na nini. Aliona jiko la Nanyuki. Aliona sufuria kubwa za kambi. Alisikia jina lake likiitwa na watu wanaolipwa kumsikiliza. Akaweka mkono juu ya kikapu.

"Sina, Mheshimiwa," akasema. "Naomba tu kama korti inaweza kutusikizanisha. Mzee Theuri ni jirani. Sikutaka kumkosea."

Hakimu akageuka. "Sheria inaniruhusu kuwapatanisha majirani, mlalamishi akiridhika. Mzee Theuri, simama. Unataka nini ili jambo hili liishe?"

Theuri akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka.

"Mheshimiwa, kabla sijasema, nauliza. Huyu msichana ako na karatasi ya saveya kwa kikapu. Mbona haitoi?"

Kagure akatazama chini.

"Karatasi gani?" hakimu akauliza.

"Ile inasema mimi ndiye mwizi," Theuri akajibu.

Na akaieleza mwenyewe, yote: kigingi, vitunguu, hatua saba.

"Mheshimiwa, mimi sikuhamisha. Nilikuta hivyo. Kwa hivyo ni baba yangu, na amelala, siwezi kumuuliza. Alikula shamba ya jirani. Na mimi nimeenda kanisani kuharibia mtoto wa watu harusi, nikitetea kitu ya wizi. Sasa ninataka hivi. Huyu msichana apande hiyo maua tena, yote arobaini na moja. Lakini apande kwa laini ya ukweli. Boma nitabomoa mimi mwenyewe."

"Na mashtaka?"

"Akipanda hapo, sina kesi na yeye."

Kagure akashusha kikapu begani. Basi. Imeisha. Kesho saa tano atakuwa Nanyuki na cheti mkononi. Alikuwa tayari kumkumbatia mzee huyo mbele ya hakimu na askari.

"Mimi sikubali," sauti ikasema.

Alikuwa Magdaline, amesimama, amekasirika kweli kweli.

"Mama, wewe ni nani?" hakimu akauliza.

"Mimi ndiye mwenye shamba inarudishwa. Siitaki."

"Mama Wachuka, kaa chini," Theuri akasema. "Usinionee huruma."

"Huruma gani? Baba Mwai," akamwambia Theuri, "wewe umeita baba yako mwizi mbele ya watu. Yule mzee hakuwahi kuiba hata kuni. Ni Wamae alihamisha hiyo maua."

Wamae, msomaji, alikuwa mume wa Magdaline. Amekufa miaka kumi sasa.

"Wamae?" Theuri akauliza. "Wamae ajihamishie mpaka kwa hasara yake?"

"Unakumbuka ule mwaka wa mvua mingi, ulilazwa Nyeri mwezi mzima? Ulikuwa umefutwa kazi kwa kiwanda ya kahawa. Shamba yako ilikuwa nyembamba, hata ng'ombe haingegeuka. Wamae alitaka kukupa kipande. Nikamwambia, huyo hawezi kuchukua. Ukimpa mahindi anakurudishia magunia mbili. Akasema, basi nitampa bila kumwambia."

Theuri alishika egemeo la benchi.

"Alihamisha yote ukiwa hospitali, ila vitunguu vya chini kabisa vilimshinda. Nikamwambia watu watakuita mjinga. Akasema, afadhali mimi nionekane mjinga kuliko Theuri aonekane maskini. Akaniapisha nisiseme. Na sijasema, mpaka leo umetukana wafu."

Kiongozi wa mashtaka akajifanya anatafuta kalamu.

"Mimi nilitoka hospitali nikaona shamba imekuwa kubwa," Theuri akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nilifikiri ni vile nilikuwa nimekonda."

Watu wakacheka, na wengi walikuwa wanafuta macho wakati huo huo. Hata hakimu aliinamia faili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sasa umejua," Magdaline akasema. "Maua yapandwe pale Wamae aliweka."

"Hapana. Yapandwe pale ramani inasema."

"Hiyo shamba ni yako."

"Ni yako, Mama Wachuka. Mimi siwezi kulala juu ya kitu nilipewa nikiwa usingizini."

"Umelala juu yake zaidi ya miaka ishirini na tano, na hukuota vibaya."

Hakimu akavua miwani. "Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na tisa," akasema. "Nimesikiliza kesi za mipaka hadi nimechoka nazo. Ni mara ya kwanza kuona kila mmoja akisema shamba ni la mwenzake."

"Mheshimiwa," Kagure akasema kwa unyenyekevu, "na mimi?"

"Wewe ndiye tatizo langu. Mlalamishi amesema atakusamehe ukipanda maua kwenye mstari wa ramani. Mwenye shamba amekataa upande hapo. Usipopanda, hakuna mapatano. Pasipo mapatano, kesi inaendelea, na tarehe yangu ya karibu ni mwezi ujao."

Mwezi ujao. Kagure aliona sufuria za Nanyuki zikiinuliwa na mikono ya mtu mwingine.

"Nawapa hadi saa nane," hakimu akawaambia wazee wale wawili. "Kaeni kwenye benchi hapo nje. Mrudi na mstari mmoja. Mkirudi na miwili, huyu msichana atabeba ukaidi wenu."

Wakatoka. Dirishani Kagure aliwaona wamekaa, huyu mwisho huu wa benchi na yule mwisho ule, kila mmoja akiangalia mlima wake. Saa saba hawakuwa wamesema neno. Saa saba na nusu Theuri alisema kitu. Magdaline akajibu. Theuri akavua kofia. Kagure akashindwa kutazama, akaenda kukaa kwenye kona, akaomba Mungu wa Othaya na wa Wang'uru pia.

Saa nane kasoro dakika tano, karani akaita kesi. Kagure akakimbia nje kuwaita.

Benchi lilikuwa tupu.

Gathogo alikuwa amesimama langoni, anakuna kidevu.

"Wako wapi?" Kagure akamuuliza.

"Wameenda."

"Wameenda wapi, na korti inatuita?"

"Hawakusema. Wamepanda boda moja wote wawili, mzee katikati, tata yako nyuma amemshika koti. Nimeuliza, ati niache kuwachelewesha." Gathogo akashusha sauti. "Na yule mtu wa kulima maua ya korti ananisumbua hapa. Anasema wamechukua jembe yake."

Ndani, karani akaita jina la Kagure mara ya pili.